Po, Ko na Mo: Ushahidi na Kumbukumbu katika Tamasha la Panki

UTANGULIZI

Tarehe 4 Juni 1976, bendi changa ya London iliyoitwa Sex Pistols ilitumbuiza katika Lesser Free Trade Hall, ukumbi mdogo mjini Manchester. Onyesho hilo liliandaliwa na vijana wawili, Howard Devoto na Pete Shelley, ambao baadaye walipata umaarufu kwa bendi yao wenyewe, Buzzcocks. Waliohudhuria wanakadiriwa kuwa watu 40 hivi. Onyesho hilo lingesahauliwa kama mengine mengi, lau si kwamba miongoni mwa hao 40 walikuwamo vijana waliokuja kuubadilisha muziki wa Uingereza. Peter Hook, mathalani, alinunua gitaa la besi siku iliyofuata, na pamoja na mwenzake Bernard Sumner akaanzisha bendi iliyokuja kuitwa Joy Division. Kadiri sifa za usiku ule zilivyoenea, ndivyo idadi ya waliodai kuuhudhuria ilivyozidi kupanda mwaka baada ya mwaka. Hatimaye dai lenyewe likawa mzaha, na kitabu kizima kikaandikwa kuchunguza ni nani hasa alikuwamo ukumbini.

Kisa hiki hakina budi kumvutia mwanafunzi wa fasihi simulizi. Utendaji hufa pale pale unapozaliwa. Ngoma ikishachezwa, hakuna kinachobaki uwanjani ila vumbi. Kinachobaki kwingine kimo katika miili na vinywa vya waliokuwepo. Ndiyo maana neno la shahidi lina thamani kubwa, na kwa sababu lina thamani, huigizwa. Swali ambalo makala haya yanalichunguza ni hili: je, aliyesimuliwa ana haki gani juu ya tukio ambalo hakulishuhudia, na haki hiyo hukoma wapi?

Swali hili litajadiliwa kupitia kumbukumbu za mtu mmoja. Ni mhadhiri mstaafu wa fasihi aliyefundisha katika chuo kikuu hapa Kenya kwa zaidi ya miaka 30, na ambaye hapa ataitwa Mwalimu, kama wanafunzi wake walivyomwita. Mwalimu hakuwako Manchester usiku ule wa Juni, wala hajawahi kudai kwamba alikuwako. Kosa lake lilikuwa jingine, na lilikuwa karibu zaidi na nyumbani.

Lugha ya Kiswahili inampa mchunguzi wa jambo hili chombo ambacho lugha nyingine nyingi hazina. Mswahili hawezi kusema tu kwamba mtu alikuwa mahali fulani, hulazimika kuchagua. Akisema "alikuwapo," ameonyesha mahali mahususi panapojulikana. Akisema "alikuwako," mahali pamelegea. Ni huko, upande ule, pasipo mpaka dhahiri. Akisema "alikuwamo," amemtia mtu ndani, akazungukwa na kuta au na watu. Katika mazungumzo ya kila siku tofauti hizi hufifia, na "alikuwepo" hutumika kwa yote matatu. Mwalimu alizifundisha katika madarasa ya sarufi kwa miaka mingi kabla ya kutambua kwamba zilikuwa zikimhukumu.

MO: CHINI YA ARDHI

Mwalimu alifika London mnamo Oktoba 1976 kusomea fasihi. Rafiki wa kwanza aliyempata hakuwa Mwingereza wala Mwafrika kwa jinsi watu wa huko walivyogawanya watu. Alikuwa kijana wa Kihindi aliyezaliwa Nairobi, ambaye wazazi wake walihamia Uingereza mapema mwaka 1968, wakikimbizana na sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi mwaka huo kuwazuia Wahindi wa Afrika Mashariki wenye pasipoti za Uingereza wasiingie huko kwa uhuru. Aliposikia Mwalimu anatoka Kenya, alimsalimu kwa Kiswahili cha Ngara, kilichokuwa kimesimama palepale alipokiacha akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Ni rafiki huyo aliyempeleka kwenye muziki wa panki.

Ukumbi ulikuwa Roxy, katika Neal Street, mtaa wa Covent Garden, na mwezi ulikuwa Machi 1977. Jukwaa lilikuwa katika chumba cha chini ya ardhi, kilichofikiwa kwa kushuka ngazi. Mwalimu anakumbuka joto kabla ya sauti: joto la miili iliyobanana, jasho lililodondoka kutoka darini, harufu ya bia na ya nguo zilizoloa. Baina ya bendi moja na nyingine, kijana mweusi aliyeitwa Don Letts, mwana wa wahamiaji wa Jamaika, alicheza sahani za rege. Sababu yake ilikuwa rahisi: bendi za panki zilizokwisha kurekodi wakati huo zilihesabika, na usiku ulihitaji kujazwa. Hivyo vijana wa Kizungu waliokuja kusikiliza kelele zao wenyewe walijikuta wakifunzwa kusikiliza Jamaika.

Kisha ikapanda bendi ya X-Ray Spex. Aliyeiongoza alikuwa binti wa miaka 19 aliyejiita Poly Styrene, mwenye vyuma vya kunyooshea meno mdomoni, na kando yake msichana wa umri wa shule akapuliza saksafoni. Mwalimu alimtazama mwimbaji yule akadhani ameshawahi kumwona, Garissa labda, au Mombasa. Ni baadaye alipojua kwamba baba yake binti huyo alikuwa Msomali na mama yake mwanamke wa Uingereza. Sauti yake haikuwa ya kuimbia kwa maana aliyoijua Mwalimu kutoka kwaya za shule ya misheni. Ilikuwa ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto. Maneno hayakusikika, au tuseme yalisikika kwa kifua kabla ya kufika sikioni.

"Usiogope bwana," rafiki alimpigia kelele sikioni, "hawapigani hawa, wanaruka tu."

Waliruka kwa kweli, wima, kama Wamorani waliopoteza nidhamu. Mwalimu aliteleza akaanguka. Kwa kitambo kifupi aliona viatu vizito vikipanda na kushuka kandokando ya kichwa chake. Kisha mikono ikamshika, mingi, ya watu asiowajua, ikamsimamisha, ikamwachia, na wenye mikono wakaendelea kuruka pasi na kumtazama. Tukio hilo halikuchukua hata nusu dakika. Miaka mingi baadaye, alipotakiwa aeleze maana ya hadhira katika utendaji wa Kiafrika, mfano wa kwanza uliomjia ulikuwa mikono ile.

Si kila kitu kilimpendeza. Desturi ya hadhira kumtemea mwimbaji mate ilimtia kinyaa, hasa yeye aliyelelewa akijua kwamba mate ya mzee kifuani mwa mtoto ni baraka. Haikuwa desturi isiyo na madhara: mwaka 1978 Joe Strummer wa bendi ya The Clash alilazwa hospitalini kwa homa ya ini, na mwenyewe alisema aliipata kwa mate ya hadhira. Jambo lililomtia hofu zaidi usiku ule ni kijana mmoja aliyevaa alama ya Manazi mkononi. Wapo walioivaa kwa nia ya kuwachokoza wazazi tu. Hata hivyo Mwalimu na rafiki yake walisogea upande wa pili wa chumba bila kuambiana neno. Mtu mwenye ngozi yao hakuwa na nafasi ya kumuuliza mvaaji nia yake.

Usiku huo Mwalimu alikuwamo, na hakuna anayeweza kumpokonya kiambishi hicho. Lakini hata humo, kumbukumbu imemchezea. Kwa miaka mingi aliwaambia wanafunzi wake kwamba miongoni mwa sahani alizozicheza Letts usiku ule ulikuwamo wimbo wa Bob Marley, Punky Reggae Party. Haiwezekani. Wimbo huo ulirekodiwa baadaye mwaka huohuo wa 1977, na Marley aliutunga akiwa amekwisha kuusikia urafiki wa panki na rege ukizungumzwa London. Tukio lilitangulia, wimbo ukafuata. Kumbukumbu ikauchukua wimbo, ikaurudisha nyuma ukautawaze usiku uliouzaa.

Kosa la aina hii linasameheka. Ni pambo lililoongezwa katika nyumba ambayo mtu aliishi kweli. Albert Lord, katika The Singer of Tales (1960), alionyesha kwamba mwimbaji wa tendi anaweza kuapa kuwa ameurudia utendi neno kwa neno ilhali kinasa sauti kinaonyesha vingine. Kwake yeye, uaminifu kwa kisa ulikuwa jambo moja na uaminifu kwa neno jambo jingine. Mwalimu alijifariji kwa hoja hiyo. Hakujua bado kwamba kuna mahali ambapo haingemfaa.

KO: TAREHE MOJA, MIJI MIWILI

Rafiki yake Mwalimu naye aliikumbuka tarehe 4 Juni 1976, ila kwa sababu tofauti kabisa na ile ya Manchester. Familia yake iliishi Southall, magharibi mwa London. Ijumaa hiyo ya 4 Juni, jioni, kijana wa Kisingasinga mwenye umri wa miaka 18, Gurdip Singh Chaggar, aliuawa kwa kuchomwa kisu katika mtaa huo, na mauaji hayo yakawafanya vijana wa Southall waanze kujipanga kujilinda wenyewe. Rafiki alipita mahali pale asubuhi iliyofuata akienda kumnunulia mama yake maziwa. Alimsimulia Mwalimu mara moja tu, kwa Kiswahili, ndani ya basi, kwa sauti ya chini, kama kwamba lugha yenyewe ilikuwa mahali pa kujificha.

Kwa hiyo jioni moja ilizaa kumbukumbu mbili. Ya Manchester ina mashahidi wengi kuliko viti. Ya Southall haina anayegombea kuwa alikuwepo. Hili si jambo la kubahatisha. Watu hudai kuwepo penye heshima ambayo haikuwagharimu. Penye msiba, wanaosema "nilikuwepo" huwa ni wale tu wasioweza kusema vinginevyo.

Mambo haya mawili yalikutana Jumapili ya 30 Aprili 1978. Harakati iliyojiita Rock Against Racism ilikuwa imeanzishwa mwaka 1976, baada ya mpiga gitaa Eric Clapton kutoa maneno ya chuki dhidi ya wahamiaji jukwaani mjini Birmingham. Siku hiyo ya Aprili, umati wa makumi ya maelfu uliandamana kutoka Trafalgar Square hadi Victoria Park, mashariki mwa London, mwendo wa takriban kilomita kumi, kwenda kusikiliza X-Ray Spex, The Clash, Steel Pulse na Tom Robinson Band bila malipo. Mwalimu na rafiki yake walitembea njia nzima. Walipofika, bustani ilikuwa imekwisha kujaa, na jukwaa likawa kama kiberiti kilichosimamishwa mbali. Upepo uliileta sauti kisha ukaichukua. Mwalimu alimsikia Poly Styrene kwa vipande, akautambua ule mwito wa ng'ambo ya mto, lakini hakuuona uso wake.

Hapo alikuwako. Hakuwamo kama alivyokuwamo Roxy, wala asingeweza kuonyesha kwa kidole mahali aliposimama. Ajabu ni kwamba siku hiyo ndiyo aliyohisi kwa mara ya kwanza kuwa mji ule ulikuwa na nafasi yake. Chumbani Roxy aliinuliwa na mikono saba au minane. Njiani kuelekea Victoria Park, wazee waliochungulia madirishani waliona rafiki yake wa Southall akitembea katikati ya barabara, wala hapana aliyemwambia arudi kwao. Alhamisi iliyofuata, tarehe 4 Mei, Altab Ali, fundi cherehani kijana kutoka Bangladesh, aliuawa Whitechapel, si mbali na bustani ile, alipokuwa akirudi nyumbani kutoka kazini. Rafiki aliileta habari hiyo chuoni akaisema kwa Kiingereza, mbele ya wote. Muziki haukuwa umeuzuia mkono wa muuaji. Ulikuwa umemwondolea rafiki haja ya kunong'ona.

Sehemu ya tamasha hilo imo katika filamu ya Rude Boy (1980), na Mwalimu alipoitazama miaka mingi baadaye alishangaa kuisikia sauti ya The Clash ikiwa safi na nzito kuliko alivyoikumbuka. Aliilaumu kumbukumbu yake. Baadaye alisoma kwamba sehemu kubwa ya muziki wa jukwaani katika filamu hiyo ilirekodiwa upya studioni. Alichokitumia kupimia kumbukumbu yake kilikuwa nacho kimetengenezwa baada ya tukio. Upepo wa Victoria Park, uliokula nusu ya kila wimbo, haumo katika filamu. Umo katika masikio ya waliosimama nyuma.

PO: BENCHI LA KAMIRIITHU

Mwalimu alirejea Kenya mwaka 1979 akaanza kufundisha. Alikuta kizazi chake kikipimwa kwa mwaka 1977, ila si kwa yaliyotokea London. Jumapili ya 2 Oktoba 1977, wanakijiji wa Kamiriithu, karibu na Limuru, walikuwa wameanza kuigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo ulioandikwa na Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, katika jukwaa la wazi walilolijenga wenyewe. Wiki sita baadaye, tarehe 16 Novemba, serikali ikaupiga marufuku. Tarehe 31 Desemba Ngugi wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini hadi Desemba 1978. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Katika idara za fasihi, kila mtu wa rika fulani alijua alikuwa wapi majuma yale. Mwalimu alikuwa London, akinunua sahani za santuri.

Aliona haya. Haya hiyo haikuwa na msingi, kwani mwanafunzi aliyetumwa ng'ambo hana dhambi kwa kuwa ng'ambo; lakini haya haingoji hukumu. Dada yake, mwalimu wa shule ya msingi karibu na Limuru, alikuwa amehudhuria mchezo huo na kumwandikia barua ndefu. Alimweleza jinsi mazoezi yalivyofanywa hadharani hata watazamaji wakayajua maneno kabla ya siku yenyewe, na jinsi bibi kizee aliyeketi kando yake alivyokuwa akiwatangulia waigizaji kwa kuyatamka. Mwalimu aliisoma barua hiyo chumbani mwake London hadi ikachanika kwenye mikunjo.

Darasani alianza kwa "tu-." Alisema, "Tulipokuwa na Kamiriithu, tuliona fanani na hadhira wakiwa kitu kimoja." Hakuna aliyeweza kumlaumu. Nafsi ya kwanza wingi katika Kiswahili ni pana. Hata aliyezaliwa mwaka 1980 husema, "Tulipata uhuru mwaka 1963," na husema kweli. Lakini "tu-" ina mlango wa nyuma. Mwaka mmoja mwanafunzi aliuliza, "Kwani Mwalimu ulikuwepo?" Naye Mwalimu, akiwa amechoka, darasa likiwa limenyamaza kwa hamu, akajibu, "Nilikuwepo." Kuanzia siku hiyo bibi kizee aliketi kando yake yeye.

Mhadhara wake wa kwanza wa fasihi simulizi ukawa na nguzo mbili. Nguzo ya kwanza ilikuwa Roxy, ambako aliinuliwa. Ya pili, Kamiriithu, ambako bibi kizee aliyatamka maneno kabla ya waigizaji. Hoja yake ilikuwa kwamba utendaji ulio hai huvunja ukuta kati ya jukwaa na hadhira, uwe wa wakulima wa Limuru au wa vijana wa London. Hoja hiyo ilikuwa sahihi. Ruth Finnegan, aliyeandika Oral Literature in Africa (1970), naye alikuja kuchunguza wanamuziki wa kawaida wa mji wa Milton Keynes, bendi za roki zikiwamo, katika The Hidden Musicians (1989), akionyesha kwamba macho yaliyofunzwa kutazama Afrika yanaweza kuitazama Uingereza kwa manufaa. Mwalimu hakuhitaji uongo ili hoja yake isimame. Uongo ulihitajika ili yeye asimame mbele ya hoja hiyo.

Mnamo 2014, mwaka wake wa mwisho wa kufundisha, mwanafunzi wa uzamili alimwendea ofisini. Alikuwa akiandika tasnifu kuhusu hadhira ya Kamiriithu.

"Shikamoo Mwalimu. Nimekuja kwa sababu wewe ni shahidi. Nyanya yangu alikuwa miongoni mwa walioigiza, ila ameaga. Ningependa kujua, uliketi upande gani?"

"Kushoto," alijibu Mwalimu, "karibu na jukwaa."

Jibu lilitoka bila kusita. Msichana aliliandika, akachora mchoro mdogo wa jukwaa, akatia alama upande wa kushoto na kando ya alama akaliandika jina la Mwalimu. Mwalimu aliutazama mchoro huo. Hapo ndipo alipoona kwamba kiambishi alichokichezea miaka mingi kilikuwa kimepata mahali mahususi, penye kipimo, kwenye karatasi. Ilikuwa "po" hasa, na ndani yake hapakuwa na mtu.

Hoja ya Lord haikumfaa tena. Aliyeuweka wimbo wa Marley katika usiku wa Machi alikuwa amekosea jambo moja ndani ya ushahidi wa kweli. Aliyejiketisha kwenye benchi la Kamiriithu alikuwa ameuchukua mwili wa dada yake akauondoa. Tena kuwapo Kamiriithu kulikuwa na gharama. Waliosimama jukwaani pale walipoteza jukwaa lao, na mmoja wa waandishi alipoteza uhuru wake. Anayejitia miongoni mwao baada ya miaka, wakati ambapo jambo hilo linaleta sifa tu, anavuna asichokipanda, na mbaya zaidi, anawafunika waliopanda. Nyanya wa msichana yule alikuwa amekufa bila kuhojiwa, na mtu aliyekuwa London ndiye aliyekuwa akihojiwa badala yake.

HITIMISHO

Mwalimu alikaa na jambo hilo kwa siku tatu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yake ilikuwa imekwisha kufika miaka 30, na ingeweza kumfikisha kaburini bila mtu kugutuka. Siku ya nne alimwita mwanafunzi, akamwambia yote, akamkabidhi barua ya dada yake, ambaye alikuwa amefariki miaka kadhaa kabla. Msichana aliisoma papo hapo. Alipofika ukurasa wa pili aliinua kichwa.

"Anasema waliketi upande wa kulia, Mwalimu."

Kisha akaufuta mchoro wake, akauliza jina la dada huyo linaandikwaje.

Katika orodha ya vyanzo vya tasnifu hiyo, jina la Mwalimu halimo miongoni mwa wahojiwa. Liko chini ya barua, kama mpokezi. Katika muda wa kufundisha uliombakia aliubadilisha mhadhara wake wa kwanza, na mfano alioutumia aliuchukua kutoka katika elimu ambayo waandishi wa pwani yetu wameijua kwa karne nyingi. Wanazuoni wa hadithi za Mtume hawakumdharau asiyekuwepo. Wengi wao walizaliwa vizazi kadhaa baada ya tukio. Walichomtaka aonyeshe ni isnadi, mlolongo wa majina: nimesikia kwa fulani, naye alisikia kwa fulani, naye alikuwepo. Hapo aliyesimuliwa ana heshima yake kamili, naye ni kiungo ambacho bila yeye mnyororo unakatika. Anaipoteza heshima hiyo anaporuka kiungo cha mwenzake akajifanya wa kwanza.

Hili linatoa jibu kwa swali lililoulizwa mwanzoni. Aliyesimuliwa ana haki ya kulibeba tukio, kulifasiri, kulifundisha, hata kulililia. Hana haki ya kuketi. Fasihi simulizi imedumu kwa sababu watu ambao hawakuwepo walikubali kubeba, na uhakiki wake utadumu iwapo wahakiki nao watakubali kuonyesha waliupokea mzigo kutoka mikononi mwa nani.

Kuhusu Roxy, Mwalimu bado anayo sahani ya santuri iliyotolewa mwaka 1977, iliyorekodiwa katika ukumbi ule kwa siku mbalimbali, na ambayo ilihifadhi pia soga na makelele ya hadhira baina ya nyimbo. X-Ray Spex wamo. Poly Styrene mwenyewe alifariki mwaka 2011. Kwa miaka mingi Mwalimu aliisikiliza sahani hiyo akiitafuta sauti yake mwenyewe, na hakuipata. Siku hizi anapoicheza hutega sikio kwa sauti ya rafiki, ambaye barua zao zilikoma miaka ya themanini, akiambiwa kwa Kiswahili cha Ngara kwamba hawa hawapigani. Nayo hajaipata. Anapowaeleza vijana wanaomtembelea habari za 4 Juni 1976, huanza na watu 40 wa Manchester, kisha husema, "Rafiki yangu alipita Southall asubuhi iliyofuata, akaniambia," na kutoka hapo huwasimulia habari za Gurdip Singh Chaggar.